Nani Aungue Kwanza? Klachi Mpya katika Subaru Iliyoongezwa Nguvu

Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ilikuwa imelazwa juu ya gunia, uso wake ukitazama juu. Mahali palipopaswa kuwa na rangi moja ya kijivu palijaa madoa ya buluu na zambarau, na fundi alipopitisha ukucha juu yake, ukucha ulikwama kwenye nyufa nyembamba kuliko unywele. Kando yake palikuwa na diski ya klachi. Haikuwa ile ya duara tuliyoizoea. Ilikuwa nyota ya chuma yenye vipande sita vya seramiki kwenye ncha zake. Ilikuwa na wiki saba tangu ifungwe. Mwenye gari, kijana wa Rongai aliyeiongezea Impreza WRX yake presha ya turbo, alichutama akaigeuza mikononi.

“Fundi, si waliandika kwenye boksi kwamba inabeba mara mbili ya nguvu ya injini yangu?”

“Waliandika, mkubwa. Ila hawakuandika foleni.”

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu anachohitaji kujua mtu anayetaka kubadilisha klachi ya gari la nguvu. Watu huuliza klachi ipi ni kali zaidi. Swali la kuuliza ni hili: gari hili linaishi wapi, linaendeshwa na nani, na siku nguvu itakapozidi, ni kifaa gani tungependa kiumie kwanza?

Kenya ina sababu yake ya kuwa na swali hili. Subaru iliitoa Impreza WRX mwaka 1992 ikiwa na injini ya lita mbili yenye turbo, nguvu farasi 240 na torki ya Newton-mita 304. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally akiwa wa nne ndani ya Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae aliishinda Safari kwa Subaru, na mwaka 2000 Richard Burns akaishinda tena kwa Subaru. Watoto waliosimama kwenye vumbi wakisubiri gari la buluu lipite ndio watu wazima wa leo wenye WRX, Forester na Legacy za turbo. Na kwa kuwa sheria ya nchi hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingizwa, zile Impreza za miaka ya tisini zilizobaki zimeshapita mikono mingi, kila mwenye nayo akiongeza chake: bomba pana la moshi, kompyuta ya injini iliyoandikwa upya, turbo kubwa zaidi.

Kisha siku moja, kwenye mlima, gia ikiwa ya nne na mguu ukiwa chini kabisa, mshale wa mizunguko unapanda ghafla huku gari likibaki na mwendo wake. Hiyo ndiyo dalili ya klachi inayoteleza, na kwa kawaida huanzia kwenye gia za juu, pale injini inapotoa torki yake kubwa kabisa, wakati gari bado linaondoka vizuri kwenye taa za barabarani. Mwenye gari anafungua simu na kuanza kutafuta klachi.

Hapo kosa la kwanza hufanyika. Wengi hutafuta kwa nguvu farasi, na klachi haijui nguvu farasi. Klachi inajua torki tu, yaani nguvu ya msokoto inayotoka kwenye kranki. Nguvu farasi ni torki ikizidishwa na mizunguko. Injini mbili zinaweza zote kutoa farasi 300, ambazo ni kilowati 224 hivi. Moja inazitoa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na nyingine kwenye 4,000. Ya kwanza inahitaji torki ya Newton-mita 305 kufika hapo. Ya pili inahitaji karibu 535. Kwa klachi, hizo ni injini mbili zisizofanana hata kidogo. Ndiyo maana gari la dizeli lililoongezwa nguvu linaweza kuimaliza klachi haraka kuliko gari la petroli lenye farasi wengi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwenye gari anapaswa kuwa na karatasi ya vipimo vya torki ya gari lake kama lilivyo sasa. Kumbukumbu ya kile alichoambiwa na aliyemuuzia haitoshi.

Uwezo wa klachi kushika unatokana na mambo manne: presha pleti, yaani bamba linaloibana diski kwenye flaiwili, inabana kwa nguvu kiasi gani, lainingi, yaani tabaka la msuguano la diski, ina msuguano kiasi gani, lainingi hiyo iko umbali gani kutoka katikati, na nyuso zinazosuguana ni ngapi. Tufanye hesabu ya mfano. Diski ina kipenyo cha milimita 230, na lainingi yake inaanzia kwenye kipenyo cha 150, kwa hiyo wastani wa umbali kutoka katikati ni milimita 95. Presha pleti ibane kwa Newton 7,000. Msuguano uwe 0.3, kama lainingi nyingi za kawaida. Nyuso ni mbili, mbele na nyuma ya diski. Zidisha vyote: unapata karibu Newton-mita 400. Injini ya 304 inapumua vizuri ndani ya klachi kama hiyo, na bado kuna akiba ya karibu theluthi moja kwa ajili ya joto, uchakavu na mguu mzito. Ipe injini hiyo presha zaidi hadi itoe 420, na akiba imekwisha.

Njia za kuirudisha akiba ni zile zile nne, na kila moja ina bili yake. Kipenyo hakiongezeki kirahisi, kwa kuwa nyumba ya giaboksi ina ukubwa wake. Zinabaki tatu: kubana zaidi, kutumia lainingi kali zaidi, au kuongeza diski ya pili. Biashara yote ya klachi za kuongezea nguvu, kuanzia Exedy na OS Giken za Japani hadi ACT ya Marekani, inazunguka hapo. Zile namba za “Stage 1” na “Stage 3” zilizoandikwa kwenye maboksi hazina kipimo cha pamoja. Kila kampuni inajipangia yake. Namba ya kusoma ni ile ya torki, na hata hiyo isomwe pamoja na aina ya lainingi.

Lakini kabla ya lainingi, tuongee joto, kwa sababu hapo ndipo klachi nyingi zinakufa na hapo ndipo watu wachache wanapotazama.

Gari linapoondoka kutoka kusimama, injini inazunguka na magurudumu yamesimama. Lazima kitu kiteleze katikati, na kitu hicho ni diski. Kwa makadirio ya karibu, joto linalozaliwa ndani ya klachi katika kuondoka huko ni sawa na nguvu ya mwendo ambayo gari limepata hadi diski na flaiwili ziwe zinazunguka pamoja. Chukua gari la kilo 1,300 linaloondoka kwa kishindo na kushikana likiwa kwenye kilomita 33 kwa saa: hiyo ni kilojuli 50 na zaidi. Flaiwili na presha pleti, zikiwa na chuma cha kilo 12 hivi kwa pamoja, zitapanda joto karibu digrii 10. Mara moja, si kitu. Mara kumi mfululizo bila kupumzika, ni digrii mia juu ya joto lililokuwepo, na hapo tunahesabu wastani wa chuma chote. Uso wenyewe unaosuguana hupanda kwa ghafla kupita wastani huo kwa mbali. Yale madoa ya buluu kwenye flaiwili ya kijana yule yalikuwa rekodi ya joto hilo, iliyoandikwa kwenye chuma.

Sasa linganisha maisha mawili. Gari la kisasa la mashindano ya dunia, kama yale yanayokuja Naivasha tangu Safari iliporudi kwenye kalenda mwaka 2021, hukanyagiwa klachi wakati wa kuondoka, na baada ya hapo gia hubadilishwa kwa kuvuta mkono bila dereva kugusa pedali. Klachi yake inaumia sana kwa sekunde chache, kisha inapoa kwa kilomita nyingi. Gari la kijana wa Rongai linaondoka, linasimama, linajivuta mita mbili, linasimama, kutoka nyumbani hadi mjini, asubuhi na jioni. Torki inayohitajika kila mara ni ndogo, lakini idadi ya kuteleza ni kubwa na nafasi ya kupoa haipo. Klachi ya mashindano haikutengenezwa kwa maisha hayo. Kuiweka kwenye foleni ni kama kumvalisha mwanariadha viatu vya misumari kisha kumtuma sokoni.

Lainingi ya kawaida ya kiwandani, ile inayoitwa oganiki, ni nyuzi na resini iliyochanganywa na vipande vya shaba au nyaya laini. Inashika taratibu na haipigi kelele, na inamsamehe dereva mchovu. Udhaifu wake ni joto: likizidi, resini inaanza kuungua, harufu kali inaingia ndani ya gari, na msuguano unashuka. Ikipewa nafasi ya kupoa mapema inaweza kurudi kwenye hali yake. Ikiachwa iungue sana, uso wake unakuwa kama kioo na haurudi.

Lainingi ya Kevlar inadumu muda mrefu na ni laini mguuni, lakini inahitaji kuzoeshwa kwa uvumilivu mkubwa, na ikishapata joto kupita kiasi kabla ya kuzoea, haiponi vizuri. Mimi siipendekezi kwa mtu asiyeweza kujizuia mwezi mzima.

Seramiki ndiyo inayouzwa kwa sifa nyingi. Vipande vyake ni mchanganyiko wa unga wa metali na seramiki uliookwa pamoja, na vinastahimili joto ambalo lingeifanya oganiki kuwa majivu. Vinashika kwa nguvu zaidi kwa kubanwa kwa kiasi kile kile. Kasoro yake ni namna vinavyoshika: ghafla, bila daraja la katikati. Gari linaruka au linatetemeka. Na dereva wa mjini, kwa kutaka abiria wake wasirushwe, hufanya jambo lile lile linaloua klachi: anaongeza mizunguko na kuishikilia pedali katikati ili kishindo kipungue. Seramiki yenyewe haiungui. Joto linaingia kwenye flaiwili na presha pleti, na chuma ndicho kinachopasuka. Hilo ndilo lililotokea ndani ya wiki saba. Diski ya kijana ilikuwa bado nzima. Vilivyokwisha ni vyote viwili vilivyoibana.

Ile diski yake pia haikuwa na springi ndogo za katikati. Kwenye diski ya barabarani utaziona, nne au sita, zimelala kwenye madirisha yake kuzunguka kitovu. Kazi yake ni kumeza mapigo ya injini kabla hayajafika kwenye meno ya gia. Diski isiyo nazo ni nyepesi, na gia zinaingia haraka kwenye mizunguko ya juu, jambo ambalo mwanamashindano analilipia kwa hiari. Barabarani, kila pigo la injini linaenda moja kwa moja kwenye giaboksi.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye swali la kifaa kipi kiumie kwanza, na jibu lake ni neno fyuzi. Umeme wa nyumba una fyuzi ili waya usiungue ukutani. Klachi inafanya kazi hiyo hiyo: nguvu ikizidi, iteleze, na dereva apate onyo analolisikia kwa pua na kuliona kwenye mshale. Ukiweka klachi isiyoteleza kamwe, nguvu haipotei. Inatafuta mahali pengine dhaifu. Kwenye Subaru za turbo zenye gia tano za miaka ile, mahali hapo panajulikana na kila fundi: meno ya gia, hasa ya tatu. Gari lenye magurudumu manne yanayosukuma na tairi zinazoshika haliwezi kujiokoa kwa kuzungusha gurudumu, kwa hiyo ukiachia klachi ya seramiki kwa kishindo kwenye lami kavu, pigo lote linakwenda kwenye meno hayo. Giaboksi ya gia sita ya STI, toleo kali zaidi la WRX, iliyokuja baadaye, ni imara zaidi kwa mbali, na mwenye nayo anaweza kuruhusu klachi kali zaidi. Mwenye gia tano ajue kwamba anaponunua klachi, anaamua pia hatima ya giaboksi.

Kwa gari la barabarani ambalo torki yake imepanda kwa theluthi au nusu, ushauri wangu hauna mbwembwe: diski kamili ya oganiki nzuri, yenye springi za katikati, pamoja na presha pleti inayobana zaidi kidogo kuliko ya kiwandani. Itashika, itateleza ikionewa, na itakwisha baada ya miaka badala ya wiki. Nguvu ikipanda kupita hapo, diski mbili za oganiki ni bora kuliko moja ya seramiki: nyuso zinakuwa nne, kila moja inabeba sehemu ndogo ya kazi, na pedali haihitaji kuwa nzito. Ni ghali, na nyingine hugonga na kulia injini ikiwa imetulia, lakini mtu anayeweza kumudu injini ya namna hiyo hapaswi kubana pesa kwenye sehemu hii.

Presha pleti ina bili yake pia, na inalipwa sehemu tatu. Ya kwanza ni mguu wa kushoto. Saa moja na nusu kwenye barabara ya Lang'ata ukiwa na pedali nzito ni adhabu. Ya pili ni vifaa vya katikati: masta silinda, bomba, foki, na hasa kishikizo cha pedali chini ya dashibodi. Kwenye Impreza nyingi kishikizo hicho kimeungwa kwa welding ndogo, na klachi nzito huipasua taratibu. Unaanza kusikia mlio kama wa mlango mkavu, kisha gia zinaanza kugoma. Ya tatu haionekani kabisa. Kila unapokanyaga pedali, kranki yote inasukumwa au kuvutwa kwa urefu wake, na kinachoizuia ni beringi moja ya pembeni ndani ya injini. Klachi ikiwa nzito mara mbili, beringi hiyo inabebeshwa mara mbili. Ndiyo sababu mtu mwenye klachi kali hafai kukaa kwenye taa nyekundu amekanyaga pedali. Toa gia, achia mguu.

Jambo moja nimelisikia kwa madereva wa Nairobi likiwashangaza: klachi inayoshika vizuri nyumbani inaanza kuteleza wakifika pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Mombasa injini inapata hewa nzito, na mara nyingi torki inapanda bila mtu kugusa chochote. Kama klachi yako ilikuwa ukingoni, itakuambia ukishuka Mariakani. Hesabu ya akiba ifanywe kwa hewa ya pwani, hata kama gari linalala Kiambu.

Kuhusu flaiwili nitasema kwa kifupi. Nyepesi inafanya injini ipande mizunguko haraka, na kwenye mashindano hilo ni faida. Kwenye mlima wenye foleni inakuwa hasara, kwa sababu uzito wa flaiwili ndio akiba ya nguvu inayolitoa gari bila kuzima. Ikiwa nyepesi dereva anaongeza mizunguko zaidi na kutelezesha zaidi. Pia chuma kidogo kinapata joto haraka. Flaiwili ya kiwandani ikipelekwa kwa fundi wa kukereza, ikasawazishwa uso, inatosha kwa watu wengi, mradi nyufa zisiwe za ndani. Ikiwa na nyufa za kukwamisha ukucha, itupwe. Chuma kinachozunguka mara elfu saba kwa dakika kikikatika, hakiishii ndani ya nyumba yake.

Na feki zipo. Kenya ina chombo kizima cha serikali cha kupambana na bidhaa bandia, na kwenye Kirinyaga Road, Nairobi, utapata boksi la jina kubwa lenye diski ambayo lainingi yake imegundishwa bila misumari ya kutosha. Angalia misumari yote imekaa chini ya uso wa lainingi na kwa kina kilicho sawa, angalia kitovu kinaingia kwenye shafti bila kulegea, na pima kipenyo kwa rula hapo hapo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Sasa kufunga. Naamini klachi nyingi zinazolaumiwa zimeharibiwa siku zilipofungwa.

Kwenye Impreza za turbo za gia tano hadi 2005, klachi ni ya kuvuta: beringi imebanwa ndani ya vidole vya presha pleti, na foki inaivuta kuelekea giaboksi. Fundi asiyejua hilo anafungua boliti zote, kisha injini na giaboksi zinagoma kuachana. Nimewaona wakichokonoa kwa bisibisi na mtaimbo hadi nyumba ya alumini inapasuka. Siri iko ubavuni mwa giaboksi: kizibo kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Ukikitoa, unaona ncha ya pini inayoshikilia foki. Unaingiza boliti ndefu ya milimita 6, inashika uzi ndani ya pini, unavuta, pini inatoka, foki inalegea. Baada ya hapo vitu viwili vinaachana kama vilivyotengenezwa viachane. Fundi wa flaiwili ya buluu alifanya hivyo kwa dakika tatu, bila kutazama, akiongea habari za mvua.

Kwa kuwa kazi ya kufika hapo ni ya siku nzima, iwe umetoa injini kwa juu au umeshusha giaboksi kwa chini, kila kilicho njiani kibadilishwe. Beringi ya rilizi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, sili ya oili ya nyuma ya kranki. Kwenye injini za zamani za Subaru za familia ya EJ kuna pia kifuniko kidogo cha plastiki nyuma ya flaiwili. Hujikunja kwa joto na kuvujisha oili, na Subaru wenyewe walikuja kutengeneza cha chuma. Tone moja la oili kwenye lainingi linatosha kuifanya klachi mpya itetemeke tangu siku ya kwanza, na mwenye gari atarudi dukani kulaumu aliyemuuzia.

Flaiwili na presha pleti mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Zifutwe kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha zisiguswe kwa vidole. Diski ina upande wake. Mara nyingi imeandikwa, na ukiigeuza, kitovu kitagonga boliti za flaiwili na klachi haitaachia. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu, kwa sababu ya ziada itarushwa kwenye lainingi. Diski isogezwe hadi katikati kwa kile kijiti cha plastiki kinachokuja kwenye boksi. Boliti za presha pleti zikazwe kwa kupishana, nusu mzunguko kila moja, ili mfuniko ushuke sawasawa.

Na hapa tafadhali, spana ya torki. Boliti za flaiwili za EJ zinakazwa Newton-mita 72. Za presha pleti ni 16 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko mkono unavyoweza kubahatisha. Fundi anayezikaza zote kwa nguvu moja ataacha za kwanza zikiwa legevu au atakata uzi wa za pili na kuupinda mfuniko.

Wakati wa kuunganisha, giaboksi isiachwe ining'inie kwa shafti yake ndani ya diski, hata kwa dakika moja ya kutafuta boliti iliyoviringika. Uzito huo unapinda kitovu cha diski kwa kiasi kisichoonekana, na matokeo yake ni klachi inayoburuta na gia ya kwanza inayosaga. Jeki ibaki chini yake hadi boliti za juu na za chini zishike.

Pedali ndiyo inayosahauliwa. Klachi mpya ina mahali pake papya pa kushika, kwa hiyo fimbo ya masta silinda irekebishwe, na pedali ibaki na nafasi ndogo ya kucheza kabla haijaanza kusukuma. Nafasi hiyo ikikosekana, mafuta yaliyopata joto hayawezi kurudi kwenye chupa yake, yanabaki yakisukuma, na presha pleti haibani kikamilifu. Klachi ya wiki moja inateleza gari likishapata moto, na likipoa asubuhi inashika. Nimeona diski nzuri ikitolewa na kutupwa kwa sababu ya milimita chache za fimbo ambazo zingerekebishwa kwa spana mbili.

Kinachobaki ni kuizoesha. Watengenezaji wengi wanataka kilomita 800 hivi za kuendesha kwa upole, bila kukanyaga hadi chini na bila kuondoka kwa kishindo, ili uso wa lainingi na uso wa flaiwili vikubaliane. Kijana wa Rongai alipofungiwa ya pili, oganiki kamili yenye springi, pamoja na flaiwili nyingine iliyokerezwa, aliuliza kama angeweza kwenda nayo Mombasa na kurudi mwisho wa wiki, amalize hizo kilomita mara moja. Fundi akakataa. Kwenye barabara kuu klachi inakanyagwa Nairobi na kuachiwa, na hadi Voi haijafanya kazi yoyote. Hata ukirudi na kilomita elfu moja, diski bado ni ngeni. Kinachohesabiwa ni mara ngapi imeshika na kuachia ikiwa na joto la wastani.

Kwa hiyo alizimaliza kilomita hizo kwenye ile ile foleni iliyomuulia ya kwanza, Rongai hadi mjini na kurudi, zaidi ya mwezi wa siku za kazi, akiacha pengo la magari mawili mbele yake ili aende kwa gia ya kwanza bila kukanyaga pedali. Matatu ziliingia kwenye pengo hilo kila asubuhi. Aliziacha ziingie. Siku aliyorudi gereji kuibadilisha oili ya giaboksi, fundi alichukua funguo za gari, akapanda nalo mlima akiwa kwenye gia ya nne, akakanyaga hadi chini, na wote wawili wakautazama mshale.